Perisili Haiko Sombe

Mushaki, siku ya kwanza ya kazi, mwezi wa kumi na moja, 1955. Mvua tangu asubuhi.

Veneranda, perisili haiko sombe. Sombe, majani ya muhogo, unavunja kichwa yake, inacheka, inatoa vichwa tatu. Perisili unavunja moyo yake, umeimaliza. Muntu mwenye macho mawili anaona hii bila kufundishwa. Weye ulipita mustari nzima, toka ku ukuta ya nyumba mupaka ku uzio ya lupango, muche kwa muche, hakuna hata moja yenye uliruka, kisha ukakaa hapo unangoja nikusifu. Nani alikulea?

Haunisikii. Niko nakaripia kaye, daftari yangu.

Hii njo hali yenye nimefika. Nyumba haina muntu. Ponsiano, mutoto wangu, iko kwa muzungu wa pareto anapika, harudi mupaka mwezi iishe. Veneranda, bibi yake, ameenda. Ameenda asubuhi na mutoto mu mugongo, wakati nilikuwa ku kisima. Kuku peke yao njo walibaki, na kuku nimeshawakaripia ya kutosha.

Sasa nimekamata kereyo ya kuandika. Masere, mutawa wa misioni, alinifundisha herufi wakati wa katekisimu. Sikufika mbali, lakini matusi yangu yote naweza kuyaandika.

Nimetoka kuangalia barabara. Kamyo moja imepita, imebeba mbao. Hakuna mwanamuke mwenye mutoto.

Nimerudi. Nimekaa. Siwezi kukaa.

Wacha niseme kwanza juu ya perisili, kwani kama sikuisema itanikaba. Mbegu yake Ponsiano aliileta mu karatasi yenye amekunja, zawadi ya Madamu wa kwa muzungu. Ilikuwa midogo kama mayai ya chawa. Nikamuliza: hii wanakula? Akasema, Mama, wanakata majani yake juu ya viazi, juu ya mayai, mu supu, bila hii Madamu anasema chakula iko uchi. Nikasema, chakula ya Wazungu ilikuwa uchi siku zote, lakini leta.

Wifi yangu Anastazia, dada wa marehemu bwana wangu, alisimama pale ku lupango na mikono ku kiuno. «Mama Ponsiano, umeanza kulima majani ya mbuzi?»

Nikaendelea kuchimba. Mupaka leo sijamujibu.

Mara ya kwanza nilipanda kama muntu anapanda maharagi. Nikafunika, nikangoja, hakuna. Nikafukua kuona, hakuna. Maharagi imetuharibu sisi watu wa hapa. Unaitupa leo, siku ya yenga, ya misa, inayokuja imekwisha kuinua shingo, na tunafikiri kila kitu ya Mungu inakimbia vile. Mara ya pili nikalaza mbegu mu maji ya vuguvugu usiku muzima. Nikasaga udongo mu mikono mupaka ikawa kama unga. Nikaweka mbolea ya ng'ombe, ile ya chini, ya zamani, yenye haina tena harufu. Nikafunika na majani ya pori ili jua isiione. Kisha nikangoja juma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wifi anapita kila asubuhi kuenda ku shamba yake: «Mbuzi yako bado kulala?»

Siku moja nikaona nyuzi za kijani. Nilipiga magoti kwa udongo. Nilipiga magoti kama ku kanisa, na hakuna muntu aliniona, na kama alikuwa aliyeniona atasema nilikuwa natafuta sindano.

Tangu ile siku sijaiacha. Majani mabaya nayatoa kwa vidole, jembe haifiki pale. Konokono nawafungia njia na majivu, na mvua ikiosha majivu naweka ingine. Leo peke yake nimeweka mara tatu, na mara tatu mvua imeyaosha. Haihamishwi, perisili. Muzizi yake inaenda chini moja kwa moja kama musumari, ukiihamisha inakununia mupaka inakufa. Na kukata, kuna njia moja: unakata ile ya pembeni, ya zamani, chini kabisa karibu na udongo. Ya katikati unaiacha. Ya katikati njo mama. Mama haguswi.

Mushaki nzima perisili ni moja: yangu. Wanawake wa kanisa wananijua kwa hiyo. Viazi yangu ya Pasaka wanainusa toka ku barabara.

Na sasa uende uone. Kila muche imebaki na duara ya majani ya zamani pembeni, na katikati ni upara. Wifi jana alisema inafanana na vichwa vya mapadiri. Wanawake wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Mvua imepungua. Nimeenda kuangalia tena. Nimefukua muche moja kidogo, kando, kuona kama muzizi iko muzima. Iko muzima. Lakini sasa nimeifukua, na pengine sasa haiko tena muzima. Nimeirudishia udongo na nikaipiga kwa kiganja kama mutoto anayelala. Mikono yangu haitulii leo. Nimefagia kiwanja mara mbili, kwa mvua, kama mwendawazimu. Fagio inachora matope, mvua inafuta.

Wacha niseme jana.

Siku ya posho, ile yenye inatangulia yenga, nilienda kusafisha kanisa na wanawake wengine, nikalala kwa Wifi, karibu na misioni. Jana nyuma ya misa tukarudi pamoja, Wifi na mimi na wanawake watatu wa chama yetu ya kanisa. Niliwaleta mimi mwenyewe, kwa kiburi. Kwa sababu juma lililopita nilikuwa nimemupa Veneranda mafiga yake.

Hii niiandike vizuri. Kwetu, bibi ya mutoto wako akifika, anapikia ku moto yako. Anachota na kibuyu yako, anaomba munyu kwako. Akishazaa na mutoto akiwa na nguvu ya kukaa, unamutafutia mawe tatu, unayabeba weye mwenyewe, unayaweka mu nyumba yake. Kutoka pale iko na moto. Na nyungu ya kwanza yenye inatoka ku ile moto haipelekwi kwa bwana wake. Inakuja kwako. Unaonja weye mbele ya watu wote, na ukishaonja, amekuwa mwanamuke wa hii kilima, hakuna wa kumufukuza.

Mutoto wake amekaa. Mutoto ni mwanamuke, na walimupa jina yangu, Felesita. Anakaa kama mukubwa, tumbo mbele, anaangalia watu kama anawadai neno. Wifi anasema ni mimi kabisa.

Basi tulifika jana, sisi wote, na Veneranda alikuwa amefagia, amevaa kikwembe ya harusi, ameweka kiti yangu mu kiwanja. Nyungu ilikuwa pale, imefunikwa na jani ya ndizi. Yeye amepiga magoti pembeni. Nilijua harufu mbele ya kufunua. Nilisimama pale na mukono juu ya jani, na nilijua.

Nikafunua. Ilikuwa perisili. Ametwanga perisili mu kinu kama sombe. Ameipika na mawese yenye alileta toka kwao, na samaki ya moshi, na pilipili. Nyungu nzima, mupaka ku shingo. Bustani yangu yote ilikuwa mule ndani, nyeusi, inang'aa mafuta.

«Hii ni nini?»

«Majani yako, Mama. Ile ya ukuta.»

«Umechuma ngapi?»

«Nimechuma laini tu. Ngumu nimekuachia.» Na akatabasamu, maskini, juu ya alifikiri amesema neno nzuri. «Dada Anastazia aliniambia hakuna kitu unapenda kupita hii.»

Nikamugeukia Wifi. Wifi akaangalia mawingu. «Nilisema unaipenda,» akasema. «Sikusema aitwange.» Kisha akaona mustari ku ukuta, akasema ile ya vichwa vya mapadiri.

Njo pale mwanamuke mumoja alicheka, nyuma ya mukono. Kisha mwingine. Na mimi, Felesita, mama wa chama, niliyewaleta wale wanawake kuona heshima yangu, nikafungua kinywa.

Nilisema: huko kwenu Itebero munakula kila kitu ya kijani yenye haikimbii. Nilisema: muntu wa musitu hajui bustani, anajua kuokota. Nilisema: nilimupa mutoto wangu ruhusa ya kuoa, akaniletea nyani. Yote hii nilisema kwa sauti ya kanisa.

Kisha nikasukuma nyungu.

Wifi anasema niliisukuma kwa muguu. Ni uongo. Ni kwa mukono.

Lakini niliisukuma. Nyungu ya kwanza. Na sikuonja.

Veneranda hakulia. Alirudishia jani ya ndizi juu ya nyungu, taratibu, kama unafunika mutoto uso. Akaingia mu nyumba yake. Wanawake wakakumbuka kila mumoja kazi ya kwake. Wifi peke yake akabaki, na Wifi, mwenye haachi kusema hata akiwa na homa, hakusema kitu. Njo pale nilianza kuogopa.

Asubuhi nimetoka ku kisima na maji yangu, nikakuta mafiga ku mulango yangu. Mawe tatu. Ameyaosha. Masizi yote ameitoa, ameyapanga moja karibu na moja, kama muntu anarudisha kitu yenye aliazima.

Mulango yake iko wazi, ndani pamefagiwa. Mukeka imekunjwa. Kamba ya Ponsiano ya nguo iko na nguo za Ponsiano tu.

Nyungu ameacha. Ni haki yake kuiacha. Nyungu yenye haijaonjwa ni ya mwenye kuikataa.

Na watu wasiniambie hakuelewa desturi yetu juu ya iko wa musitu. Alielewa. Kwao vilevile, labda kwao kali kupita kwetu. Mukwe akisukuma nyungu ya kwanza, amekuambia: zima moto yako, uende. Haiko hasira yake yenye ilimuondosha. Hasira ingelia, ingevunja kitu, ingebaki. Yeye amenitii.

Ni mimi nilimutuma.

Sasa jina yangu iko ku barabara mu mvua, mu mugongo ya muntu.

Nimetoka tena. Nimefika mupaka pale njia inagawanyika. Mufugaji mumoja amepita na ng'ombe zake, nikamuliza, akasema hajaona, na akaniangalia miguu. Nilikuwa nimesahau viatu. Nimerudi.

Itebero haiko hapa na pale. Unateremuka Masisi, unaendelea, kilima zinaisha na miti inaanza, na ukifikiri umefika njo umeanza. Ponsiano alienda kule na muzungu wake zamani, wakati wa kutafuta wafanya kazi, akarudi na macho ingine. Akaniambia, Mama, nimeona mwanamuke anavuka mutoni na muzigo ku kichwa, na maji haikuyumbisha hata shingo yake. Nikasema, mwana, mutoni haiko sababu ya kuoa. Akaoa.

Na nikuambie kaye kitu yenye sijaambia muntu. Mimi pia ilinipendeza ile shingo. Anatembea vizuri. Anabeba kuni ya wanawake wawili na haonyeshi. Wakati nilikuwa na homa mu mwezi wa majani makavu, aliniinamia usiku, akanikanda mugongo na mafuta yake yenye inanuka moshi, akaimba kitu ya kwao chini chini. Nilijifanya nimelala ili asiache.

Lakini kumuonyesha kukata perisili, hapana. Mara ngapi alisimama pale nyuma yangu, mukono ku kinywa, anaangalia. Nilikata na mugongo. Nilimugeuzia mugongo ili asione kisu inaingia wapi. Nilifikiri: akijua hii, nitabaki na nini? Mutoto iko wake, bwana iko wake, moto nimemupa. Niachie majani.

Haya. Basi imeandikwa, na isomwe na konokono.

Wifi amekuja. Amekuja mu mvua na jani ya ndizi ku kichwa, amekaa ku mulango bila kukaribishwa, akaanza kukamua kikwembe yake ndani ya nyumba yangu.

«Umekula?» akaniuliza.

«Sina njaa.»

«Sikuuliza njaa.» Akaonyesha nyungu na kidevu. «Nimeuliza kama umekula.»

Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia yeye njo chanzo, yeye na ulimi yake, alimwambia mutoto wa watu napenda perisili, kama vile napenda kwa nyungu. Akakubali. Hii njo ubaya ya Wifi, ukimushitaki anakubali, na unabaki na fimbo hewani.

«Nilitaka akupendeze,» akasema. «Kukupendeza weye ni kazi ya Bulamatari, serikali ya Wazungu. Inahitaji watu mia na barabara.»

Sikucheka. Kidogo.

Kisha akasema yenye ilimuleta. Mubeba maziwa amepita kwake, ametoka Karuba. Amemuona Veneranda pale, amejikinga kwa katekista, mutoto iko na kikohozi kidogo na mvua ilikuwa nyingi, bibi ya katekista amewazuia walale. Kesho mvua ikiacha, anaendelea Masisi. Akifika Masisi atakutana na watu wa kwao, wa Walikale, wenye wanakuja na mawese. Pale hatarudi tena peke yake. Pale itakuwa wazee, na mbuzi, na maneno ya mwaka nzima, na Ponsiano katikati kama muntu aliyekufa.

«Mutume Ponsiano,» nikasema.

«Ponsiano njo alisukuma nyungu?»

Nikakamata fagio.

«Unajua desturi,» akasema. «Unajua kupita mimi, maana mama yangu ni weye alikusumbua.»

Najua. Mama ya bwana wangu, mama yake Wifi, alinisukumia nyungu yangu ya kwanza juu ya munyu. Hakusukuma sana, kidogo tu, na kidole. Nikafunga mizigo yangu. Na ile jioni yule mwanamuke mukali, mwenye hata mbwa walimuamkia, alikaa mu kiwanja mbele ya watu na akakula nyungu yangu yote peke yake, munyu na yote. Maana nyungu uliyosukuma, dawa yake ni moja: unaila weye, yote, mupaka ku udongo. Haugawi na muntu. Kisha unaiosha, unairudisha tupu, kwa mikono yako, ku mikono ya aliyepika. Kutoka pale haiwezi kusemwa tena.

Aliila yote na usiku akakunywa maji kama ng'ombe. Asubuhi aliniambia: «Munyu ilizidi.» Niliishi naye mupaka alikufa.

Nikamwambia Wifi: nyungu ile ni kubwa.

«Ni kubwa,» akasema.

«Ni perisili tupu.»

«Si unaipenda kuliko vyote?»

Nikamufukuza. Alitoka anacheka mupaka ku barabara, nilimusikia mupaka pale njia inagawanyika.

Giza bado kuingia. Moto yangu inawaka. Nimeweka nyungu juu yake, ipate joto, maana sitakula mafuta yenye imeganda, hata kwa toba.

Naandika na mukono moja na kula na mwingine. Kaye itanuka mawese, acha inuke.

Kijiko ya kwanza nilimeza kama dawa. Perisili nyingi vile ni kali, inapanda mu pua, inafanya macho ya maji. Ya pili niliitafuna. Ni moyo tupu, kweli, hakuna hata jani moja ngumu, hakuna hata kijiti. Alitoa vijiti vyote. Ni kazi ya siku nzima, ile, na mutoto mu mugongo anavuta nywele. Majani midogo vile, moja moja. Kwao ile laini ni ya wazee. Watoto na wanawake wanakula ngumu. Yeye mwenyewe angekula nini jana? Angekula ile ya pembeni yenye aliacha. Yenye mimi nakata kila siku na kuita perisili.

Ya tatu.

Nitasema ukweli kwa sababu hakuna muntu hapa. Iko tamu. Samaki imeingia vizuri, pilipili imekaa nyuma kama mugeni mwenye adabu. Kama angeniuliza, ningemwambia apunguze mafuta. Hakuniuliza, na mimi sikumufundisha, na hii hakuna atakayeisikia toka ku kinywa yangu.

Bado nusu.

Nimetoka kidogo kupumua, na kuangalia mustari. Mvua imeacha. Majivu imeenda yote, konokono wawili wanatembea pale kama wenye shamba. Nimewatupa ku shamba ya Wifi, yenye iko ngambo ya lupango. Nimeinama ku muche ya mwisho, karibu na ukuta. Katikati ya ile upara kuna kitu, kidogo kama ncha ya sindano. Sijui ni jani inarudi ao ni jicho yangu inataka kuona jani. Nilitaka kufukua. Nilishika mukono yangu na mukono mwingine.

Na njo nimeona: mitatu ya ku lupango, yenye nilikuwa nimeacha itoe maua kwa mbegu, hakuigusa. Ilikuwa ngumu, haikumufaa. Basi mbegu iko.

Najua yenye itasemwa. Mushaki nzima itaona mwanamuke muzee, mama wa chama, anatembea ku barabara na nyungu tupu ku kichwa, na kila muntu anajua nyungu tupu inaenda wapi. Wale watatu wa jana watasimama ku milango. Mufugaji yule ataangalia tena miguu yangu. Na kama Veneranda atakataa kuipokea? Kama ataangalia upande ingine, na ile shingo yake? Haki yake. Mimi ningekataa. Kwa muntu mwenye aliniita nyani mbele ya watu, ningeacha asimame na nyungu mupaka jua inalala.

Tumbo yangu imejaa mupaka hapa. Bado robo.

Felesita. Ni weye nasema. Acha kereyo, haumuandikii muntu. Kula. Usiache hata mafuta ku ukuta ya nyungu, pangusa na kidole. Ukimaliza, iosha na majivu, mara mbili, isinuke. Beba yale mawe, usimwite muntu kukusaidia, yarudishe mu nyumba yake, kila moja pale ilikuwa, alama iko ku udongo. Usiguse mustari. Usifukue kitu. Kesho mapema vaa viatu, weka nyungu ku kichwa, pita katikati ya barabara, sio pembeni, uende Karuba mbele hajafunga mutoto mu mugongo. Na ukimuona, usingoje akuamkie juu ya weye ni mukubwa. Muamkie weye wa kwanza.